Selimundu haitoki kwa mama peke yake
Mtoto akivimba vidole na kulia usiku kucha, wapo Mwanza ambao bado husema ukoo wa mama ndio ulioleta selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Si kweli. Selimundu huhitaji nakala mbili za kinasaba chenye hitilafu: moja ya baba, moja ya mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wenye nakala moja tu na wazima kabisa, kila mimba ina uwezekano wa 25% wa kuzaa mgonjwa. Watoto watatu wazima hawapunguzii wa nne hatari hiyo.

Kosa baya zaidi ni kudhani mgonjwa hashikwi na malaria. Kinga hiyo, tena ya kiasi tu, ni ya mbebaji. Mgonjwa malaria humuua upesi. Alale ndani ya chandarua. Homa ikifika nyuzi 38.5, apelekwe saa hiyohiyo kituo kilicho karibu, hata kama kliniki yake ni hospitali ya Bugando.