Je, wajua? Mshale ukisoma 8000, rota ya RX-7 huzunguka 2667 tu

Mshale wa dashibodi ya Mazda RX-7 ukigusa 8000, rota, ile pembetatu yenye mbavu zilizotuna ndani ya injini yake ya rotari, inazunguka mara ngapi kwa dakika? Jibu linalowajia wengi upesi ni 8000. Jibu sahihi ni 2667 hivi, yaani theluthi moja.

Kosa hili ni rahisi kulifanya. Injini ya rotari haina pistoni za kupanda na kushuka, haina valvu wala kemshafti. Ina rota na shafti, vyote vinazunguka, basi mtu huiona kama pangaboi: mota ikienda, mapanga yanakwenda nayo sawasawa. Michoro ya kuchezacheza mtandaoni huzidisha kosa, kwa kuwa jicho hufuata pembe tatu za rota na hakuna anayeitazama shafti iliyo katikati.

Ubaya ni kwamba kosa hili huzaa mengine. Mtu aliyenunua RX-7 ya kujijengea husikia kwamba sili za ncha, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokaa kwenye pembe tatu za rota na kufanya kazi ya ringi za pistoni, huvunjika kwa sababu rota inakwenda kasi mno. Kwa hiyo humwaga fedha kwenye vifaa vya kuhimili raundi kubwa, na kuacha mafuta, moto wa plagi na kupoza injini vikae kama vilivyotoka kiwandani. Anamtibu mgonjwa asiyeumwa.

Historia yake kwa ufupi: Felix Wankel, Mjerumani, alifanya kazi na kampuni ya NSU, na injini ya kwanza ya majaribio iliwaka mwaka 1957. Katika ile, hata kasha la nje lilizunguka! Baadaye kasha likatulizwa, Mazda wakanunua leseni, na 1967 wakaanza kuuza Cosmo Sport. Injini inayopendwa zaidi na wajenzi ni 13B yenye rota mbili, na toleo lake lenye turbo mbili, 13B-REW, ndilo lililowekwa kwenye RX-7 ya mwisho, inayoitwa FD.

Sasa hiyo theluthi inatoka wapi? Vaa bangili pana kidoleni, kisha kizungushe kidole bangili icheze huku ikibana upande mmoja. Utaona mambo mawili kwa wakati mmoja. Kitovu cha bangili kinakimbia kuzunguka kidole. Lakini ua lililochorwa kwenye bangili linasogea taratibu, kama halina haraka ya kufika. Kukimbia ni kwa kitovu. Bangili yenyewe inabingirika polepole.

Tuipe vipimo. Tuseme mzingo wa kidole ni 34 na mzingo wa ndani wa bangili ni 51. Mahali pa kugusana pakimaliza duru moja, kidole kimetumia 34 zake zote, na bangili nayo imetumia 34 katika 51. Imebaki 17. Hizo 17 ndizo bangili ilizogeuka kweli, na 17 katika 51 ni theluthi moja.

Namba hizo hazikuokotwa. Ndani ya 13B kila rota ina gia ya ndani yenye meno 51, nayo hubingirika juu ya gia ndogo ya meno 34 iliyofungwa kwa bolti kwenye sahani ya ubavuni, isiyozunguka kamwe. Shafti, inayoshika nafasi ya krankishafti, ina kibyongo cha duara kilichotoka nje ya kitovu chake kwa milimita 15. Rota imevalishwa kwenye kibyongo hicho. Nguvu yote hupita hapo. Meno ya gia hayasukumi gari. Kazi yake ni kuilinda rota isipoteze zamu, na ndiyo maana yanaonekana membamba kuliko mtu anavyotegemea.

Kutokana na theluthi hiyo, kila tendo (kuvuta, kukandamiza, kuwaka, kutoa moshi) huchukua nyuzi 270 za shafti, wakati pistoni hupewa 180. Rota ina nyuso tatu, kwa hiyo katika kila mzunguko wa shafti uso mmoja huwaka. Rota mbili, mwako mara mbili kwa mzunguko, sawa kabisa na injini ya silinda nne. Hapo ndipo unapoanzia ubishi wa kama 13B kweli ni injini ya "lita 1.3": chumba kimoja ni cc 654, viwili (kimoja kwa kila rota) ni 1308, lakini wenye kutoza kodi Japani hawakudanganyika. Walizidisha kwa 1.5 wakapata 1962, chini kidogo tu ya mstari wa kodi wa cc 2000.

Lakini tusiegemee upande wa pili kupita kiasi. Rota hujigeuza polepole, ila kitovu chake hukimbia duru zote 8000. Rota ina zaidi ya kilo 4, na kwa milimita 15 za kibyongo, kila moja huivuta shafti kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 4 na ushee. Rota mbili zimepangwa kinyume ili zifutane, lakini sahani ya katikati haina beringi, basi shafti hupinda. Anayetaka kupita 9000 mara kwa mara ana sababu halali ya kusawazisha upya rota na vizani vyake, na kuweka gia za meno yaliyokomazwa. Wa barabarani hana.

Kinachovunja sili za ncha kwa kawaida ni mchanganyiko kujilipukia badala ya kuungua kwa zamu. Hapa sisemi "kunoki" kwa maana ya injini iliyokwisha kufa, bali kile kipigo cha ghafla kinachotangulia kifo. Mfano wake kwenye FD unajulikana. Presha ya turbo ya kiwandani ni kama baa 0.7. Mwenyewe anaondoa katalisti (kisafisha moshi) na kufunga bomba la moshi la wazi. Moshi unapita kwa urahisi, na tundu dogo la kupunguza presha halitoshi tena, kwa hiyo presha inapanda yenyewe bila kuombwa. Nozeli za mafuta ni zilezile, mbili za cc 550 na mbili za 850 kwa dakika, na kompyuta ni ileile. Mafuta yanapungua kulingana na hewa, kipigo kinatokea, sili inapasuka. Vipande vinachana kasha, kisha vinatoka na moshi na kuyapiga mapanga ya turbo. Utaratibu unaofaa ni kinyume: kupanua tundu la presha, kuongeza uwezo wa mafuta na kuirekebisha kompyuta kwanza, bomba baadaye.

Wakati wa kufunga injini, uvumilivu uende kwenye sili za ubavuni, vile vipande vyembamba vinavyoziba kati ya ubavu wa rota na sahani. Nafasi kati ya ncha ya sili hiyo na sili ya pembe (kile kitufe cha duara kinachoziba pale sili ya ncha na ya ubavuni zinapokutana) iwe milimita 0.05 hadi 0.15, ikipimwa kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi), na sili ichongwe moja moja kwa mahali pake. Ikibana mno, joto huirefusha ikakwama. Ikilegea, kompresheni huvuja. Mchezo wa shafti mbele na nyuma uwe milimita 0.04 hadi 0.07. Ukichonga matundu ya kuvuta hewa, usiingie kwenye njia ya ringi ya oili, la sivyo injini itakunywa oili kupitia tundu ulilolifungua mwenyewe.

Kupima afya yake pia kunahitaji kukumbuka nyuso tatu. Geji ya kawaida ya kompresheni hushika kilele tu, hivyo husoma uso wenye nguvu na kuwaficha wagonjwa wawili. Zuia valvu yake ya kushikilia presha isifunge, zungusha kwa stata, utazame mshale ukiruka mara tatu kwa kila rota. Kiwango cha chini ni kilo 6 kwa sentimita ya mraba kwenye raundi 250, na nyuso zisipishane zaidi ya 1.5. Mruko mmoja pekee ukiwa dhaifu, anza kushuku sili ya ubavuni ya uso huo. Ikiwa ni miwili inayofuatana, shusha injini: sili moja ya ncha ni ukuta wa vyumba viwili, na ukuta huo umekwisha anguka.