Gegedu halikauki likawa mfupa

Kila kliniki lazima nimsikie mzazi akisema mifupa ya mtoto ni gegedu bichi, basi apewe vidonge vya kalsiamu kwa wingi ili likauke haraka na arefuke. Hapana. Gegedu halikauki likawa mfupa jinsi udongo unavyokauka ukawa tofali. Gegedu hubomolewa, na mfupa hujengwa mahali pake.

Weka kipande cha bamba la ukuaji, yaani tabaka la gegedu karibu na ncha ya mfupa wa mtoto ambako mfupa hurefukia, chini ya hadubini. Upande wa kiungo, kondrosaiti (seli za gegedu) ni ndogo na zimetawanyika, kila moja kwenye kishimo chake. Zinazofuata ni bapa, zimelaliana kwa safu wima, na hizo ndizo zinazogawanyika kwa kasi. Teremka kuelekea kiwiliwili cha mfupa: kugawanyika kumekoma, seli zimevimba mara kadhaa. Urefu wa mtoto hutokana kwa kiasi kikubwa na kuvimba huko. Seli hizo hutoa protini iitwayo kolajeni ya aina ya 10, kisha madini hutuama kwenye kuta zinazotenganisha safu. Mishipa ya damu hupenya kutoka upande wa uboho, kuta za mlalo zinaliwa, na juu ya mabaki ya zile za wima osteoblasti, seli zinazojenga mfupa, hutandaza mfupa. Kwenye slaidi iliyopakwa rangi vizuri utaona kiini cha gegedu cha samawati ndani ya mfupa mchanga wa waridi. Sijui ushahidi gani ulio wazi kuliko huo.

Seli za gegedu zenyewe zinaishia wapi? Kwa miaka mingi vitabu vilisema zote hufa. Tafiti za panya zilizochapishwa 2014, zilizofuatilia seli kwa alama za kijenetiki, zilionyesha kuwa baadhi hunusurika na kuwa osteoblasti. Tafadhali mtu asiligeuze hilo kuwa hoja ya vidonge: kinachobadilika ni seli, matriksi yake, yaani gegedu linalozizunguka, inabomolewa vilevile.

Mtoto mwenye matege ya upungufu wa vitamini D ana tatizo halisi. Fosfeti ya damu ikishuka, seli zilizovimba hazifi kwa wakati. Zinarundikana, bamba linapanuka na kulegea. Huyo apimwe, atibiwe. Mtoto anayekula vizuri na vipimo vyake viko sawa hatarefushwa na kalsiamu ya ziada.

Kuning'inia kwenye bomba ili mtoto arefuke? Hakuvuti mfupa. Ni mazoezi mazuri, basi.

Wengine husema homoni ya kiume ndiyo inayofunga mifupa ya wavulana, yaani inayofunga mabamba na kukomesha urefu: inayofunga hasa ni estrojeni, homoni ya kike, hata kwao. Mwaka 1994 iliripotiwa habari ya mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuitikia estrojeni. Alikuwa na sentimita 204, mabamba yake bado wazi, anaendelea kurefuka.

Halafu ule mstari mweusi kwenye eksirei ya mtoto. Mara nyingi si ufa, ni bamba lenyewe. Gegedu lisilo na madini halionekani. Lakini mtoto akianguka, kifundo cha mkono kikavimba na kuuma akiguswa pale pale kwenye bamba, msimpeleke kwa mkandaji. Eksirei inaweza kuonekana safi ilhali bamba limevunjika. Mfungeni gango, mleteni hospitali siku hiyo hiyo, na mrudi kwa uchunguzi hata maumivu yakiisha, kwa sababu bamba lililoumia linaweza kujifunga upande mmoja na mkono ukakua ukiwa umepinda.