Shata isiyo na bati: dhana potofu kuhusu kamera za kasi

Ukipita studio za picha za Ngamiani, hapa Tanga, hukosi kumkuta mtu anayejisifu kwamba kamera yake "inapiga moja ya elfu nane". Kisha anaongeza kuwa kamera za maabara ni hizo hizo, ila shata zake, yaani mabati madogo yanayofungua na kufunga njia ya mwanga, zina spidi zaidi. Siyo.

Kwa 1/8000 ya sekunde, risasi inayokwenda mita 800 kwa sekunde inakuwa imeshasogea sentimita 10. Utapata mchirizi, si risasi. Bati halifunguki na kufunga ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo ikabidi ipatikane shata isiyosogea kabisa. Chukua jozi mbili za miwani ya jua ya polaraidi, zile za kukata mng'ao wa bahari. Weka kioo kimoja mbele ya kingine, ukizungushe taratibu: kikifika robo mzunguko, giza. Sasa kati ya vioo hivyo vilivyozima mwanga weka kichupa cha nitrobenzini chenye mabamba mawili ya chuma. Ukiyapa maelfu ya volti, kimiminika kinageuza mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, nao unapenya. Umeme ukikatika, giza linarudi. Msingi wake aliugundua mwanafizikia John Kerr mwaka 1875, ndiyo maana kichupa hicho huitwa seli ya Kerr. Seli hiyo hufunguka kwa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) chache tu; katika nanosekunde 10 risasi ile inasogea milimita 0.008. Wengine hutumia fuwele, yaani seli ya Pockels, nami naona ndio wenye busara, maana nitrobenzini ni sumu inayopenya hata ngozi.

"Basi inatoa picha mabilioni kwa sekunde!" Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ufupi wa picha moja ni jambo lingine, wingi wa picha ni lingine. Kamera za Rapatronic za Harold Edgerton, mhandisi wa Marekani, zilizopiga picha milipuko ya nyuklia ya nchi hiyo, kila moja ilitoa picha moja tu. Wakitaka mfululizo, walizipanga kadhaa, kila moja ikichelewa kidogo kuliko mwenzake. (Shata zake zilitumia sumaku, lakini mchezo wa vioo ni ule ule.)

Ile picha maarufu ya Edgerton ya risasi ikitoboa tufaha, ya mwaka 1964, nayo husingiziwa shata. Kazi ilifanywa na flashi, ndani ya chumba chenye giza.

Wapo pia wanaodhani shata ya umeme haina hasara. Vioo vile hula zaidi ya nusu ya mwanga hata shata ikiwa wazi, na ikifungwa bado huvuja kidogo. Mlipuko ukiendelea kung'aa, mvujo huo unaharibu picha, ndiyo maana shata ya kawaida huwekwa pia ili ifunge baadaye.

Na umeme wenyewe sio mwisho wa kasi. Mwaka 1971, watafiti Duguay na Mattick, nchini Marekani, waliifungua seli ya Kerr kwa mpigo wa leza badala ya volti, kwa takriban pikosekunde (sehemu za trilioni za sekunde) 10, wakapiga picha ya mwanga wenyewe ukiwa njiani, ndani ya maji yaliyotiwa maziwa kidogo.