Kirikou sio ngano ya asili kama ilivyo, jamani

Kila nikiweka hii katuni ya Kirikou watoto waangalie lazima atokee mtu aseme "hii ndo hadithi ya mababu wa Senegal, wameichukua vile vile". Hapana bwana. Aliyeiandika na kuiongoza ni Mfaransa, Michel Ocelot, ila utoto wake aliishi Guinea, so Afrika Magharibi anaijua kiasi chake. Senegal inaingia kwenye sauti, zilirekodiwa Dakar, na muziki ni wa Youssou N'Dour, mwimbaji wa hukohuko, nadhani ndo maana watu wanachanganya. Michoro nyingine ilifanyiwa Latvia na Hungary huko, ikatoka 1998.

Sasa ngano yenyewe ipo kweli, ile ya mtoto anaongea akiwa tumboni halafu anajizaa mwenyewe, hiyo ni ya Afrika Magharibi kabisa. Lakini kwenye ngano mchawi anauawa na kwisha habari yake, Ocelot ndo akaja na swali la yule mtoto, Kirikou, kwa nini mchawi Karaba ni mbaya? Jibu ni mwiba wa sumu aliochomwa mgongoni na wanaume, kila saa unamuuma, na Kirikou anauchomoa kwa meno. Hata wale wanaume ambao kijiji kizima kinaamini amewala, hajala mtu, amewageuza tu kuwa masanamu yanayomtumikia.

Na wale wa "mbona wako uchi", hata wasambazaji wa nje walitaka kina mama wavalishwe sidiria, Ocelot akagoma.