Kwa Nini Kibera Iliwahi Kuwa Msitu Kwenye Ramani?

Mwanzoni mwa mwaka 2009, mtu aliyefungua ramani rasmi ya Nairobi akitafuta Kibera, mtaa mkubwa wa mabanda, angekuta msitu. Mabati yaliyobanana, vichochoro, vibanda vya maji, makanisa, misikiti, vinyozi, vyote havikuwepo. Agosti mwaka huohuo sensa ya taifa ilihesabu hapo watu 170,070, ilhali wengine, hasa waliokuwa wakitafuta fedha za misaada, walishazoea kusema milioni nzima. Hiyo milioni, kwa maoni yangu, ni msitu wa pili: namba ya mtu ambaye hajaingia ndani akahesabu.

Msitu wenyewe una asili yake. Jina Kibera limetokana na neno la Wanubi, kibra, maana yake msitu. Wanubi hao walikuwa askari wenye asili ya Sudan katika jeshi la King's African Rifles, nao Waingereza waliwaacha wakae hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Miti ikaisha, nyumba zikajaa, lakini ardhi ikabaki ya serikali na waliojenga hawakupewa hati. Sasa mpima ardhi huchora kiwanja. Pasipo kiwanja hapana mstari. Kampuni za ramani nazo huchora barabara wanazopita wateja wao, na wateja wao wana magari. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuiruka Kibera, na hapakuwa na haja ya mtu yeyote kudanganya.

Mwishoni mwa mwaka 2009, Wamarekani wawili, Erica Hagen na Mikel Maron, walianzisha Map Kibera, mradi wa kuuchora mtaa huo kwenye ramani, pamoja na vijana 13 wa vijiji vya humohumo, vijiji kama Kianda, Gatwekera, Makina, Lindi na Silanga. Kazi ilikuwa ya miguu. Kijana anashika kifaa cha GPS, anafika kwenye choo cha kulipia, anabonyeza kuhifadhi nukta ya mahali hapo, anaandika kwenye daftari: choo, cha kulipia, kina maji au hakina. Anasogea hadi kibanda cha maji, anarudia. Shida ni kwamba kifaa hukosea kwa mita kadhaa, hasa katikati ya mabati, na kwenye kichochoro cha upana wa mtu mmoja mita tano tayari ni kwa jirani. Kwa hiyo jioni nukta zinapelekwa kwenye kompyuta na kulinganishwa na picha ya setilaiti. Paa lile la bluu ndilo la shule, basi nukta isogezwe hapa. Mgeni angeweza kuichora ile picha ya setilaiti akiwa popote duniani, ila asingejua kwamba chini ya paa la bluu kuna shule.

Nukta hizo ziliingizwa OpenStreetMap, ramani huria, yaani ambayo yeyote huruhusiwa kuihariri na kuchukua data zake, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati ambapo data za ramani za nchi yake, zilizokusanywa na taasisi ya serikali, zilikuwa zikiuzwa. Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Ramani unayoiona bure kwenye simu si lazima iwe huria. Unaweza kuitazama siku nzima, lakini huruhusiwi kuchukua kilicho chini yake. Na kilicho chini ya ramani yoyote ya mtandaoni ni orodha tu: kila kitu na mahali pake kwa latitudo na longitudo, pamoja na lebo zake. Kwenye ramani huria orodha hiyo unaishusha yote, unachuja vyoo peke yake, unaviweka juu ya namba za sensa, na swali linazaliwa lenyewe: kijiji hiki, choo kimoja kwa watu wangapi?

Picha unayoivuta kwa kidole huchorwa kutoka kwenye orodha hiyo, mara nyingi kwa vigae vya mraba. Kwa kuanzia, dunia nzima ni kigae kimoja. Ukikuza mara moja vinakuwa 4, tena 16, tena 64. Simu huagiza vile tu vinavyoonekana kwenye kioo, ndiyo maana mtandao ukiwa dhaifu ramani hujaa kipande kwa kipande, kama mtu anayetandika mikeka.

Huko Kibera, kilichowashtua wengi baadaye ni shule. Vijana walipozifuata moja moja waliorodhesha mamia, nyingi za watu binafsi, makanisa na vikundi vya mtaa, ambazo hazikuwa kwenye hesabu rasmi.

Dar es Salaam ilichukua njia hiyohiyo kwa sababu nyingine, mafuriko. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu kwenda kata kama Tandale, wakaongozana na wenyeji wanaojua maji hupita wapi. Walipima mitaro: upana, kina, na kama imezibwa na taka. Mpaka wa shina, yaani kundi dogo la nyumba chini ya mjumbe mmoja, uliojulikana kichwani mwa mjumbe huyo tu, ukawa mstari.

Si kila mkazi hufurahi kuona mtu akipima mbele ya mlango wake. Kibera hujifunza mapema kwamba anayekuja na daftari huenda anafuatwa na tingatinga. Julai 2018 matingatinga yalikuja kweli, yakabomoa nyumba na shule kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu wakabaki nje. Ramani huria haina nguvu ya kuzuia tingatinga. Lakini ina tabia moja ambayo ramani ya karatasi haina: kitu kikifutwa, toleo lake la zamani hubaki kwenye historia, pamoja na tarehe na jina la akaunti iliyokiingiza. Nyumba ikibomolewa leo, mtu anayejua pa kubonyeza bado atakuta kwamba hapa, kabla ya lami, palikuwa na darasa.