Injini Mbili Juu ya Pasifiki: Dakika 180 Zinahesabiwaje?

Kati ya San Francisco na Honolulu kuna takriban kilomita 3,850 za bahari tupu, na njiani hakuna kisiwa chenye kiwanja ambacho ndege ya abiria ingeweza kukimbilia. Hata hivyo, kila siku ndege zenye ujia mmoja kati ya viti, za aina ya Boeing 737 na Airbus A321, huvuka maji hayo kwa injini mbili tu. Aloha Airlines ilianza kuvuka kwa 737-700 mwaka 2000, Alaska Airlines ikafuata kwa 737-800 mwaka 2007, na Southwest ikaingia Machi 2019. Abiria wengi huuliza itakuwaje injini moja ikizimika katikati ya safari. Swali hilo ni la haki, ingawa kwa wanaopanga safari hizi injini moja kuzimika si hali ngumu kuliko zote.

Kwa miongo mingi sheria yenyewe ilikuwa na hofu hiyohiyo. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1953 ilizitaka ndege za injini mbili zisiende mbali zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja kinachofaa, kwa kuwa injini za pistoni za wakati huo zilikuwa zikiharibika mara kwa mara. Injini za jeti zilibadili hesabu. Februari 1985 Boeing 767 ya TWA, shirika la ndege la Marekani, iliruka kutoka Boston hadi Paris kwa kibali cha kupita dakika hizo 60, na mwaka 1988 kikapatikana kibali cha dakika 180. Utaratibu huo hujulikana kwa kifupi cha ETOPS, na tangu 2012 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linauita EDTO.

Dakika hizo 180 ni kipimo cha umbali. Zinaeleza kwamba popote ndege ilipo, lazima kuwe na kiwanja inachoweza kukifikia ndani ya saa tatu kwa mwendo wa injini moja, hewa ikiwa tulivu. Hazina maana kwamba injini iliyobaki itachoka muda huo ukiisha. Ili kibali cha dakika 180 kitolewe na kudumu, aina ya injini inayohusika inapaswa kuzimika angani kwa wastani usiozidi mara 0.02 kwa kila saa 1,000 za kufanya kazi, yaani mara moja katika saa 50,000.

Kabla ya safari hutafutwa mahali baharini ambapo kurudi na kuendelea mbele huchukua muda uleule. Mahali hapo si lazima pawe katikati ya ramani. Ndege inayokwenda Hawaii mara nyingi hukabiliana na upepo wa mbele. Kwa kuwa upepo huohuo utaisukuma ikigeuka kurudi, mahali hapo husogea kuelekea Honolulu. Kisha huulizwa: hapo hasa, ni tatizo gani litakalokula mafuta mengi zaidi? Injini moja ikizimika, ndege hushuka taratibu hadi futi 20,000 na ushei na kuendelea kuruka. Shinikizo la hewa likipotea ndani ya ndege, hali ni nzito zaidi. Oksijeni ya abiria hutosha kwa dakika chache tu, hivyo rubani hulazimika kushuka hadi futi 10,000, ambako hewa ni nzito na jeti hunywa mafuta kupita kiasi. Kwa hiyo tangu inapoondoka, ndege hujazwa mafuta yanayoweza kuifikisha kiwanjani kwa kimo hicho cha chini, hata kama injini moja nayo imezimika, kisha kuzunguka dakika 15 juu ya kiwanja na kutua.

Idadi ya injini peke yake haikingi kitu, na ushahidi ulipatikana tarehe 5 Mei 1983. Lockheed L-1011 ya Eastern Air Lines, ndege ya injini tatu, ilikuwa ikitoka Miami kwenda Nassau ikiwa na watu 172. Usiku uliotangulia, mafundi walikuwa wamefunga vifaa vya kunasa chembe za chuma kwenye oili ya injini zote tatu, bila vipete vya mpira vya kuzuia uvujaji. Injini ya kwanza ilipoanza kuishiwa oili, marubani waliizima na kugeuza ndege kurudi Miami. Njiani zile mbili nyingine zikazimika pia. Ndege ilishuka bila injini hadi karibu futi 4,000 kabla ile ya kwanza kuwashwa tena, na ikatua salama. Kosa moja lilikuwa limerudiwa mara tatu. Ndiyo maana katika ndege za ETOPS kazi ya aina moja kwenye injini zote mbili haipaswi kufanywa na fundi mmoja katika ukaguzi mmoja. Ikilazimu, hukaguliwa na mtu mwingine. Kiasi cha oili inayotumiwa na kila injini nacho huandikwa na kulinganishwa safari kwa safari. Kwa maoni yangu, karatasi hiyo ya oili ina uzito kuliko injini ya tatu.

Ndege nyembamba ina mahitaji yake. Gesi ya kuzima moto katika sehemu ya mizigo lazima idumu kwa muda wote wa kwenda kiwanjani na dakika 15 zaidi. Ngazi za kuteleza za 737 hazikutengenezwa kuwa mashua, hivyo mashua za kujipuliza hubebwa kando, mara nyingi ndani ya dari juu ya ujia.

Kikwazo cha kila siku ni uzito. Majira ya baridi, upepo wa mbele unapovuma kwa nguvu juu ya Pasifiki, mafuta ya akiba huongezeka, na shirika linaweza kulazimika kuacha mizigo au viti kadhaa vitupu. Kwa hesabu hiyo, Atlantiki ya Kaskazini ina nafuu. Iberia ilipoanza kuvuka kutoka Madrid hadi Boston kwa A321XLR Novemba 2024, safari ilikuwa ndefu kuliko ile ya Hawaii, lakini Lajes katika Azores, Gander nchini Kanada na Keflavík nchini Iceland ziko kandokando ya bahari hiyo, zikisubiri ndege yenye tatizo.