Klasi ya boti si daraja, jamani

Juzi jioni tulikuwa barazani hapa Mji wa Kale, Mombasa, kahawa chungu na kashata kama kawaida, kijana wa jirani akawa atuonyesha kwenye simu picha za boti ndogo za tanga alizozipiga upande wa Kilindini zikishindana. Moja, Laser, kile kiboti cha tanga cha mtu mmoja, ilikuwa na namba ndefu kwenye tanga, tarakimu sita, yaanza na 18. Akasema, "Ami waona hii, hii ndo klasi ya juu kabisa, ziko laki moja na themanini elfu baharini, hakuna boti yazishinda." Wazee wakaitikia, ehee, mashallah. Mimi kahawa ikanikwama, maana si mara ya kwanza kuyasikia haya, nishayasikia kwa watu wazima wenye boti zao.

Klasi, kwenye mashindano ya tanga, ni boti zilizowekewa vipimo na sheria moja ili zikikimbizana ashinde nahodha na sio mfuko wake. Basi. Zipo zilizobana sana, zote lazima zitoke kwenye kalibu ya aina moja na huruhusiwi kuligeuza umbo lake, kama Laser, na zipo kama Moth ambazo zaweka mipaka tu ya urefu na upana na tanga, ndani ya hapo kila mtu ajichoree atakavyo, ndo maana Moth za sasa zina mabawa chini na zapaa juu ya maji kama panzi.

Shida iko kwenye masikio yetu. Mtu akisikia "klasi" kichwani yaja fasti klasi ya treni ya Nairobi, au "yule dada ana klasi", yaani cheo, yaani juu na chini. Halafu wale wanaotaka Kiswahili sanifu ndo waongeza chumvi kwenye kidonda, wanaandika "daraja la mashua". Daraja! Daraja ni neno la Kiarabu la kidato, ngazi, kitu cha kupandia, na ndo hilo hilo tukalitumia kwa Daraja la Nyali kwa sababu wapanda ukavuka. Ukisema daraja ushasema kuna wa juu na wa chini. (Na darasa ni ukoo mwengine kabisa, hilo latokana na kusoma, dars, lakini watu huzichanganya mpaka basi, hilo niliwache leo.) Boti ya klasi moja haiko juu ya klasi nyengine, kama vile ngalawa haiko chini ya mashua, ni vyombo viwili tu.

Na kinachonichekesha ni kwamba neno lenyewe lina chumvi ya bahari tangu zamani. Kilatini ni classis, Warumi walilitumia kwa makundi ya raia waliogawanywa kwa mali zao wakati wa kuitwa vitani, hapo kweli kuna tajiri na maskini sikatai, lakini neno hilo hilo ndilo walilotumia kuita kundi la manowari. Kundi lao la upande wa Uingereza liliitwa Classis Britannica, na kule Italia karibu na Ravenna mpaka leo kuna mahali paitwa Classe kwa sababu manowari zao zilikuwa zatia nanga hapo. Kwa hivyo neno lilikuwa la vyombo kabla halijawa la treni na shule, sisi ndo tumelipandisha bara likarudi na maringo.

Sasa hiyo laki na themanini elfu ya kijana. Kwenye Laser namba ya tanga hufuata namba ya bodi, na bodi huhesabiwa kwa mpangilio tangu zianze kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 70, ulimwengu mzima, sasa zimepita laki mbili. Hiyo ni hesabu ya zilizozaliwa. Haikwambii ngapi zimevunjika, ngapi zimelala nyuma ya nyumba ya mtu zafugiwa kuku, ngapi zilikuwa majini Jumamosi ile. Ni kama pleti ya gari, ukiona KDA barabarani huwezi kusema basi KAA zote bado zatembea Digo Road. Na si kila klasi huhesabu hivyo, kuna ambazo namba hutolewa na chama cha kila nchi, kwa hivyo namba kubwa haikupi hata hesabu ya zilizozaliwa.

Tena kama ni wingi, Laser yenyewe hubwagwa. Sunfish, kile kiboti cha Marekani cha kuchezea ufuoni, zimetengenezwa zaidi ya laki tatu, na haijawahi kufika Olimpiki hata siku moja, nyingi hazijawahi kuona mstari wa kuanzia mashindano, watu huzinunua wakae nazo kwenye nyumba zao za ziwani. Optimist, kisanduku cha watoto kisichofika mita mbili na nusu, alichokichora Clark Mills kule Florida 1947, nacho kimepita laki moja. Halafu chukua Star, boti ya watu wawili ya tangu 1911, zaidi ya miaka mia na namba zake hazijafika hata elfu kumi, lakini ilikimbia Olimpiki kuanzia 1932 mpaka 2012, ikakosa 1976 peke yake. Robert Scheidt wa Brazil alichukua dhahabu mbili kwa Laser, 1996 na 2004, kisha akahamia Star akapata fedha na shaba. Sasa alipohama alipanda au alishuka? Wala. Alibadilisha boti.

Hata sisi tungejiuliza, mashua zetu ni klasi? Nenda kamuangalie fundi akiunda, alaza mkuku, ainua taruma, apima kwa jicho na kamba, hana karatasi, akimaliza atia kalafati na kupaka sifa, yaani mafuta ya papa, na ya pili akiiunda mkononi mwake mwenyewe haitakuwa pacha wa ile ya kwanza. Zakimbizana Lamu na watu wapiga kelele ufuoni mpaka sauti zawakauka, lakini kwa maana hii ya vipimo si klasi, ni aina, na hakuna anayezihesabu kwa namba.

Yule kijana sikumvunja moyo, picha zake nzuri wallahi. Nilimwambia tu, mwanangu, hiyo namba isome "bodi ya laki moja na themanini elfu na kitu kuundwa", usisome "ziko laki moja na themanini elfu". Na wingi ukiutaka, Jumamosi ijayo simama pale pale kabla ya honi, uzihesabu zilizopanga mstari. Akafungua simu akaanza kuzihesabu kwenye picha yake, akafika saba.